Uzi, fimbo na sanduku: maneno ya atelye mbele ya mkutano mkuu

Maneno haya tuliyasema Hewa Bora, mbele ya wanachama. Komite imetuomba tuyaandike ili wasiokuwepo, pamoja na wafadhili wetu, nao wayasome. Tumeyaacha karibu kama yalivyotoka kinywani.

Jambo yenu, bapapa na bamama. Jambo yenu, vijana mulioketi kule nyuma karibu na mlango.

Tunajua kwa nini mumetuita. Hamukutuita juu ya kusikia habari za nyuzi na rangi. Mumetuita juu ya sanduku. Mwezi uliopita mwenzetu alifiwa, na tulipofungua sanduku la kilio, pesa haikutosha hata jeneza. Sehemu ya pesa ilikuwa imetoka kwenda kumrudishia mteja bei ya fimbo iliyoharibika. Fimbo ile tuliiharibu siye, watu wa atelye. Hatukuharibiwa na mvua, wala na umeme, wala na mteja. Tunalisema hilo mwanzoni, kusudi mtu asikae akingoja kuona kama tutalizunguka.

Siku ile mama mmoja alisimama akauliza mbele ya watu wote: "Ile kese njo ya kilio ao njo ya fimbo?" Hatukuwa na jibu. Watu walichanga usiku uleule, mwenzetu akazika, na aliyeuliza akakaa chini bila kujibiwa. Leo tumekuja na jibu. Lakini jibu lenyewe linapita njia ya uzi, kwa hiyo mutuvumilie. Wengi wenu munapitaka mbele ya mlango wetu kila siku, na bado munafikiri tunapaka fimbo rangi.

Kwa ajili ya wafadhili, tuseme kwanza tulikotoa kazi hii. Wengi mu chama hiki tulivuka kwenda Zambia kati ya 1999 na 2000. Pweto ilipoanguka mwezi wa 12 wa 2000, waliokuwa wamebaki walivuka nao, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Tulikaa Mwange, upande wa Mporokoso. Tulikaa Kala, upande wa Kawambwa. Wengine walifika hadi Meheba, kambi iliyokuwa imefunguliwa tangu 1971 kwa ajili ya watu wa Angola. Kurudi kwa misafara kulianza 2007. Tulirudi Pweto, tulirudi Moba, kisha mashamba yakakosa, nyumba zikakosa, tukaja Lubumbashi. Hayo munayajua, muliyaishi.

Sasa, kati yetu kuna mmoja aliyeondoka kambini mapema bila karatasi (ni habari ya zamani, asishtakiwe leo) akafika Siavonga, kwenye ziwa la Kariba. Kule aliosha mashua za wazungu wanaoloba kwa mchezo. Mu ziwa lile kuna samaki wa meno ya nje, yule Wafaransa wanamwita samaki-tigre. Ng'ambo, upande wa Zimbabwe, wanafanya mashindano ya kumloba huyu samaki mmoja tu tangu 1962. Watu wanatoka Afrika Kusini na fimbo za pesa nyingi, na samaki yule anazivunja. Anang'oa pete, anapasua ncha. Jioni fimbo zilizoumia zilikuwa zinalala chungu nzima. Mzee mmoja wa pale alikuwa anazitengeneza chini ya mti, na kijana wetu akakaa karibu naye, kwanza kushika taa, baadaye kushika uzi. Alikaa miaka minne. Alichorudi nacho Kongo ni begi moja, bobini sita za uzi na fotokopi zilizofifia za kitabu cha Mmarekani Dale Clemens, aliyeandika kitabu kizima mwaka 1982 juu ya mapambo ya uzi kwenye fimbo za kuloba. Kitabu ni cha Kiingereza. Tuliosoma Kiingereza cha kambi tulikitafsiri kipande kwa kipande, na pale tuliposhindwa tulifuata michoro.

Kazi yenyewe ni hivi. Fimbo ya kisasa ni bomba jembamba, tupu ndani, la fibra ya kioo ao la karboni. Juu yake kuna pete ndogo ambamo kamba inapita kutoka kwenye mulineti hadi nchani. Pete hizi zinashikwa na uzi. Unaweka mguu wa pete juu ya fimbo, unazungusha uzi, mzunguko kando ya mzunguko, bila nafasi kati, mpaka mguu wote ufunikwe. Na hakuna fundo hata moja. Mwanzoni uzi unalalia mkia wake wenyewe mara tano ao sita, kisha unakata mkia. Karibu na mwisho unaweka kitanzi cha uzi mwingine, unazungusha juu yake mara chache, unakata, unapitisha ncha mu kitanzi, unavuta. Ncha inazama chini ya mizunguko yake. Tuko na mwenzetu, mtoto wa mvuvi wa Kilwa, ameshona nyavu tangu utoto. Wiki nzima ya kwanza alikuwa anafunga fundo kila mahali kwa siri. Mikono yake haikukubali kwamba kitu kisichofungwa kinaweza kushika.

Tena uzi usivutwe kwa nguvu zote. Ukibana mno, pete hazisogei tena, na wewe bado unatakiwa kuzisogeza kidogo ili zote zikae mstari mmoja. Ukilegeza mno, samaki wa kwanza anaondoka na pete. Mkono njo unajua. Hatuna mashini ya kupima hilo.

Hiyo ni kazi ya kushika. Kazi ya kupamba inakaa mahali pengine, juu kidogo ya mshikio, pale mwenye fimbo anapopaona akingoja samaki. Hatupambi karibu na ncha. Uzi na verni vina uzito, na fimbo yenye ncha nzito inakuwa kama fimbo ya kuchungia ng'ombe, haisikii kitu.

Kupamba kuna namna mbili. Moja ni kupishanisha: uzi unapanda mshazari, unashuka mshazari, unakutana na mwenzake kwenye alama ulizopima, na rangi zinaumba almasi ndani ya almasi. Mgeni akiona anashangaa, kumbe ni kupima tu. Ya pili njo kusuka. Chukua nyuzi 15 za rangi moja, uzilaze juu ya fimbo kwa urefu wake, moja kando ya nyingine, uzishike kwa utepe. Wafumaji wa nguo wanaziita mtande. Halafu uzi mwingine, wa rangi ya msingi, unazunguka fimbo, na huo njo mshindio. Kabla ya kila mzunguko unachagua: nyuzi hizi zilale chini, uzi wa kuzunguka uzifunike, nyuzi hizi zibaki juu, zionekane. Unazungusha mara moja. Unachagua tena. Mchoro uko mbele yako mu daftari ya hesabu: kijumba kimoja ni uzi mmoja mu mzunguko mmoja, cheusi uzi juu, cheupe uzi chini. Samaki wa urefu wa kidole anaomba mizunguko mingi sana, na ukikosea mzunguko mmoja katikati unafungua mpaka pale. Kuruka hakuna.

Wanaume wa atelye walijaribu miezi kadhaa. Walitoa samaki wenye vidonda. Siku moja mama mmoja aliyekuja kuuliza habari ya likelemba alisimama nyuma yao, akatazama, akacheka. Akasema: "Miye naona njo sawa kusuka nywele. Huku unapitisha chini, huku juu. Bile bintu tunajua tangu butoto." Akaketi. Hakuomba maelezo ya daftari, alitazama tu vijumba mara mbili. Kabla ya jua kuzama alikuwa amemaliza mkia. Tangu siku ile kusuka kuko mu mikono ya bamama wanne, na wanaume wanafunga pete, wanapaka verni, wanabeba. Tunaliandika wazi kwa sababu kwenye ripoti ya kwanza kwa wafadhili tuliandika "mafundi" na picha ikaonyesha wanaume peke yao. Bamama walinuna, na walikuwa na haki.

Kuna mchoro mmoja ambao wateja wanautambua kwamba umetoka kwetu. Ni ule msalaba wa shaba wa Katanga, ile kruazeti munayoijua, yenye umbo la X. Tuliuchagua kwanza kwa sababu ni wa hapa. Baadaye tuligundua kwamba uzi pia unaupenda. Hapa tueleze kidogo. Uzi wa mtande ukiachwa juu mizunguko mingi bila kushikwa, unalegea, unanyanyuka kama unywele, na verni inaugandisha hivyo hivyo. Kwa hiyo mstari mrefu unaofuata urefu wa fimbo ni adui. Herufi I ikilala vibaya inatupa taabu kuliko samaki mzima. Lakini mikono ya msalaba ule imelala mshazari: kila uzi unatoka juu mizunguko michache, unarudi chini, jirani yake anapokea. Hakuna unaolegea. Ni kama waliouchora walifikiri nyuzi, na hakika hawakufikiri nyuzi, walimimina shaba mu udongo.

Ao pengine walifikiri. Papa mmoja wa chama, mtu wa upande wa Bunkeya, alishika fimbo yetu ya kwanza, akaizungusha karibu na dirisha, akasema: "Bile bankambo balifanyaka na mukuba." Sisi tulidhani anatufurahisha. Hapana. Bayeke, waliokuja kutoka kwa Wanyamwezi na Wasumbwa kutafuta shaba, walikuwa na mafundi waliojua kuifanya shaba iwe uzi. Waliyeyusha mawe ya kijani mu tanuru ndogo ya udongo wa kichuguu, wakapiga fito, kisha wakaivuta fito kupitia tundu la chuma, tundu dogo, tundu dogo zaidi, mpaka ikawa nyembamba kama uzi wa kushonea. Uzi ule waliuzungusha juu ya kiini cha nyuzi za mti ao singa za mnyama, mzunguko kando ya mzunguko, bila nafasi, wakapata bangili inayokunjika. Uzi wa shaba ulivikwa pia kwenye mipini ya silaha. Bwana askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu ya mafundi wa shaba wa Katanga mwaka 1926, akawaita wala shaba. M'siri mwenyewe, aliyetawala kutoka Bunkeya, aliuawa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891, halafu shaba ikawa ya kampuni, na kazi ya mkono ikapungua mpaka karibu kwisha.

Hatusemi kwamba siye ni watoto wa mafundi wale. Wengi wetu ni watu wa ziwa Mweru na wa Tanganyika, tunajua nyavu kuliko shaba. Tunasema tu kwamba mtu akituambia "hii kazi ya kizungu mumeitoa wapi", tuko na kitu cha kumuonyesha. Tangu papa yule aongee tunanunua uzi wa rangi ya shaba kuliko rangi nyingine yoyote.

Sasa fimbo iliyoharibika.

Mteja alikuwa mtu wa kampuni moja ya migodi, mtu wa heshima, anakwenda kuloba ziwa la Tshangalele siku za mapumziko. Aliomba jina la binti yake, kwa herufi za bluu juu ya msingi mweupe, na msalaba mmoja kila upande. Alilipa dola 140 zote mbele. Huyo hakuwa na kosa lolote. Bamama walisuka siku nne. Jina lilitoka safi, tulipita tukilionyesha hata kwa jirani.

Kuna jambo moja kuhusu uzi wa naylon ambalo kila mtu wa kazi hii anajua, na sisi tulikuwa tunalijua. Ukipaka verni ya epoksi moja kwa moja juu yake, uzi unakunywa, unakuwa kama karatasi iliyomwagiwa mafuta: unaona hadi chini. Rangi nyeusi inavumilia. Nyeupe haivumilii. Ndiyo sababu kwanza unapaka maji ya kulinda rangi, mara mbili ao tatu, unaacha yakauke kabisa, ndipo epoksi ije. Chupa yetu ilikuwa imebaki kidogo chini. Mteja alitaka fimbo Jumamosi. Tuliongeza maji mu chupa. Tulipaka mara moja, hatukulaza fimbo usiku mzima, tukamimina epoksi Ijumaa asubuhi.

Saa ya kwanza ilikuwa nzuri. Saa ya pili msingi mweupe ulianza kuwa kijivu, mabaka mabaka, na karboni nyeusi ya chini ikapanda kama maji machafu. Jioni jina la mtoto halikusomeka. Mama aliyelisuka alilitazama, akachukua mkoba wake akaenda nyumbani bila kusema neno.

Tulimwita mteja, tukamuonyesha. Hakupiga kelele. Alisema arudishiwe pesa yake, na hiyo ni haki. Lakini pesa yake ilikuwa imeshanunua fimbo tupu, pete na mulineti. Mu sanduku la atelye kulikuwa na dola 45. Mweka hazina wa atelye alikuwa pia na ufunguo wa sanduku la kilio, akatoa 95 akiwaza kuzirudisha kabla mtu hajajua. Siku tisa baadaye mwenzetu akafiwa.

Wengine wenu wanasema: mufunge atelye. Tumelisikia kwa heshima, na tumelijadili wenyewe usiku miwili. Hatukubali, na hii njo sababu. Mapambo hayatulishi. Kinacholisha ni matengenezo: pete iliyotoka, ncha iliyokatika, mshikio uliooza. Wachina, Wagiriki, Wazambia wa biashara, watu wetu wenyewe wanaokwenda Lufira ao Lualaba, wote fimbo zao zinavunjika, na mtu wa kuzitengeneza hapa mjini ni vigumu kumpata. Kazi hiyo inalipa karo za watoto saba wa chama, munawajua kwa majina. Lakini hakuna mtu anayeingia Hewa Bora kutafuta mtu wa kufunga pete. Anaingia kwa sababu ameona fimbo ya rafiki yake yenye msalaba wa shaba, ameuliza imetoka wapi. Mapambo yanaita, matengenezo yanalipa. Tungekuwa wajinga kufanya mapambo peke yake, na ndivyo tulivyoanza kufanya mwaka huu, tukisifiwa sana. Fimbo tatu za matengenezo zilikaa mwezi mzima ukutani huku siye tunasuka jina. Hapo njo tulipopotea, kabla hata ya ile chupa.

Jibu kwa mama aliyeuliza: sanduku la kilio ni la kilio. Kuanzia leo ufunguo wake haukai tena kwa mtu yeyote wa atelye, unakaa kwa bamama wawili ambao komite itawachagua, na siye hatutapiga kura. Dola 95 tunazirudisha kwa pesa ya matengenezo. Ya kwanza, 30, imeshaingia, risiti iko kwa mwandishi. Mteja wa mapambo atalipa nusu mbele, na nusu hiyo haitaguswa kabla ya fimbo kukauka. Na hakuna fimbo ya tarehe. Mtu akisema "nataka Jumamosi", tunamwambia aende nayo bila mapambo, arudi nayo mwezi ujao.

Sasa kwa ninyi wafadhili, maneno mawili ya ukweli, musikasirike.

Mulitutumia mota ya kuzungushia fimbo wakati wa kukauka. Tunashukuru. Epoksi ikishapakwa lazima fimbo izunguke polepole kwa masaa mengi, la sivyo verni inashuka upande mmoja na kugandia kama machozi. Mota ile ni nzuri, lakini inakula umeme wa ukutani, na umeme wa ukutani hapa unakwenda na kurudi unavyotaka. Ukikatika katikati ya kazi, tunazungusha kwa mkono, robo mzunguko kila dakika chache, kwa zamu, mpaka usiku wa manane. Vijana wawili wameshajifunza kulala wakiwa wameketi. Kama musaada mwingine utakuja, tunaomba mota ndogo ya betri na bati dogo la jua. Kazi hiyo haihitaji nguvu nyingi, fimbo ni nyepesi. Vilevile tunaomba maji ya kulinda rangi, chupa kumi, ambayo hapa mjini hatuyapati.

Neno la pili ni sanduku lile la nyuzi za cherehani. Rangi zilikuwa nzuri mno. Lakini uzi wa pamba una manyoya; ukiupaka verni, kila nyoya linasimama na fimbo inaota ndevu. Hatukuutupa. Watoto wanaokuja Jumatano wanajifunzia juu ya vijiti vya mianzi, na kwa kazi hiyo unafaa sana. Lakini musitume mwingine.

Kuna na mambo ambayo si ya wafadhili wala ya komite, ni ya mtaa. Vumbi. Kuanzia mwezi wa sita barabara yetu inapanda hewani yote, na jina Hewa Bora linakuwa mzaha. Verni mbichi inashika kila chembe. Tunatandika shuka lenye maji chini, tunafunga dirisha, tunaomba watoto wasicheze mpira mbele ya mlango saa za kupaka. Bamama wa nyumba za jirani, tunawaomba mutusaidie kwa hilo, na tunaomba msamaha kwa siku ile tuliyowafokea watoto. Na baridi: mji wetu uko zaidi ya metri 1.200 juu, mwezi wa saba asubuhi epoksi inakuwa nzito kama asali ya zamani. Tunaweka chupa zote mbili mu maji ya vuguvugu kabla ya kuchanganya, sehemu sawa kwa sawa, kwa seringi. Si kwa macho. Aliyekuwa anapima kwa macho anajijua.

Mtu aliuliza fimbo yenyewe iko wapi. Hatukuitupa. Verni tuliipasha moto kidogo mpaka ikawa laini, tukakata uzi kwa wembe, tukikata juu ya chuma cha mguu wa pete tu, maana wembe ukigusa karboni fimbo imekufa. Pale penye jina hapakuwa na chuma chini, kwa hiyo tulikwangua kwa kucha na kipande cha plastiki. Ilichukua siku mbili. Mama yule aliyeondoka na mkoba alirudi Jumatatu. Hakusema kitu tena, alichukua daftari, akachora jina upya, safari hii herufi za rangi ya shaba juu ya msingi mweusi, ambao hauogopi epoksi. Lakini alitaka maji ya kulinda rangi yapakwe hata hapo, mara tatu, na akakaa kwenye kiti kuangalia.

Fimbo ilimaliza kukauka juzi. Mteja tumemjulisha, bila kumwomba pesa. Atapita mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo iko mu chumba cha nyuma, ukutani, msumari wa tatu kutoka mlangoni. Anayetaka kuiona aje, lakini asiishike kwa mikono yenye mafuta.